Mchoro wa Umeme wa Moyo: Kinachorekodiwa, Kinachosomwa na Kinachoelezwa kwa Mgonjwa

Ikisiri

Kipimo cha umeme wa moyo ni miongoni mwa vipimo vinavyotumika sana katika tiba ya kisasa. Hakiumi, huchukua dakika chache, na mashine yake huweza kubebwa mkononi hadi kwenye kituo cha afya cha kijijini. Makala haya yanafafanua kile hasa ambacho kipimo hiki hurekodi, namna mbinu ya kukirekodi ilivyojengwa tangu karne ya 19, na mipaka ambayo hakiwezi kuivuka. Hoja kuu ni kwamba mashine hutoa ushahidi wa jambo moja tu, nalo ni tofauti ndogo za volteji kwenye ngozi. Ushahidi huo huwa na manufaa pale tu unapopitia mikononi mwa watu watatu wenye ujuzi: anayebandika elektrodi, anayeusoma mchoro, na anayemweleza mgonjwa. Makala yanaonyesha kuwa hatua hiyo ya tatu ni suala la lugha, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuitekeleza iwapo istilahi zitapangwa kwa uangalifu. Mwishoni, makala yanatoa mapendekezo kwa watunga sera za afya na za lugha katika ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Katika hospitali za Afrika Mashariki na Kati, kipimo cha umeme wa moyo hujulikana kwa herufi tatu: ECG. Herufi hizo zinatokana na jina linaloanza kwa namna moja katika Kiingereza na katika Kifaransa, kwa hiyo daktari wa Kampala na mwenzake wa Bujumbura au Goma huweza kupeana karatasi ya kipimo bila kuhitaji mkalimani. Anayebaki nje ya mazungumzo ni mgonjwa mwenyewe. Akiambiwa kwamba amepimwa na "moyo uko sawa", hurudi nyumbani akiamini kuwa moyo wake wote, pamoja na vali, misuli na mishipa inayoulisha, umechunguzwa na kuonekana hauna kasoro. Imani hiyo si sahihi, na kosa si lake.

Kauli hiyo fupi ndiyo inayozua swali la makala haya. Je, mchoro wa umeme wa moyo unathibitisha nini, na nini hauwezi kuthibitisha? Swali hili linawahusu watafiti wa lugha kwa sababu linagusa namna maarifa ya kitaalamu yanavyomfikia asiye mtaalamu. Linawahusu pia washauri wa sera, kwa kuwa uamuzi wa kununua mashine kwa ajili ya hospitali za wilaya ni uamuzi wa fedha za umma, na mashine isiyo na msomaji haimsaidii mgonjwa.

Makala yamegawanywa katika sehemu nane zinazofuata. Yanaanza na chanzo cha umeme wa moyo, yanapitia historia ya kuurekodi, kisha yanaeleza upimaji wenyewe, usomaji, mipaka, suala la viwango vya kawaida na suala la lugha. Sehemu ya mwisho ina hitimisho na mapendekezo.

2.0 Chanzo cha Umeme wa Moyo

Seli ya msuli wa moyo inapokuwa imepumzika huwa na chaji hasi ndani ikilinganishwa na nje, kwa kiasi cha takribani milivolti 90. Tofauti hiyo hudumishwa na mgawanyo usio sawa wa chembe zenye chaji, hasa za potasiamu na sodiamu, katika pande mbili za utando wa seli. Seli inaposisimuliwa, njia ndogo zilizomo katika utando hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, na ndani ya seli hugeuka kuwa chanya kwa muda mfupi. Kalsiamu hufuata, nayo ndiyo huziamsha nyuzi za msuli zijikaze. Kisha potasiamu hutoka, na seli hurejea katika hali yake ya awali.

Msisimko huo haukurupuki popote. Katika moyo wenye afya huanzia kwenye fungu dogo la seli lililoko sehemu ya juu ya atria ya kulia, liitwalo nodi ya sinasi, ambalo kwa mtu mzima aliyetulia hutoa amri kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Wimbi la msisimko husambaa katika atria zote mbili, kisha hucheleweshwa kwa takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde katika nodi iliyo baina ya atria na ventrikali. Ucheleweshaji huo una kazi muhimu: huzipa atria nafasi ya kumalizia kumimina damu kabla ventrikali hazijaanza kujikaza. Baada ya hapo msisimko hupita katika fungu la His na nyuzi za Purkinje, na kuzifikia ventrikali karibu kwa wakati mmoja. Ramani hii ilikamilishwa na wanasayansi wa nchi mbalimbali. Purkinje alizieleza nyuzi zake katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, His akaeleza fungu lake mwaka 1893, Mjapani Sunao Tawara akaeleza nodi ya kati mwaka 1906 akiwa Ujerumani, na Arthur Keith na Martin Flack wakaieleza nodi ya sinasi mwaka 1907 nchini Uingereza.

Jambo moja katika maelezo haya linapaswa kushikwa tangu mwanzo: umeme hutangulia mkazo wa msuli, na mambo haya mawili ni tofauti. Umeme ni amri, na mkazo ni utekelezaji. Katika huduma ya dharura hutokea mgonjwa ambaye mchoro wake unaonyesha mawimbi yenye mpangilio ilhali hana mapigo yoyote shingoni, kwa sababu amri inatolewa lakini moyo hausukumi damu. Kifaa cha kurekodi umeme hakiwezi, chenyewe, kuligundua hilo. Ni lazima mtu aweke vidole vyake juu ya mshipa.

3.0 Kutoka kwa Chura hadi Leiden

Kwamba kila pigo la moyo huambatana na mkondo wa umeme kulijulikana katika miaka ya 1840, pale Mwitalia Carlo Matteucci alipolionyesha kwa kutumia vyura. Mwaka 1856, Albert von Kölliker na Heinrich Müller walilaza neva ya mguu wa chura juu ya moyo uliokuwa ukidunda, wakaona msuli wa mguu ukishtuka kwa kila pigo. Katika jaribio hilo msuli wa chura ndio uliokuwa chombo cha kupimia, kwani hakukuwa na kifaa chenye wepesi wa kutosha.

Kifaa kilipatikana miaka ya 1870, wakati Gabriel Lippmann alipobuni elektromita ya kapilari. Ndani yake mlikuwa na zebaki iliyopanda na kushuka katika mrija mwembamba kila volteji ilipobadilika. Mwaka 1887, Augustus Waller alikitumia jijini London kurekodi umeme wa moyo wa binadamu kupitia ngozi, bila kupasua kifua. Katika maonyesho yake Waller alimtumia pia mbwa wake, Jimmy, aliyesimama huku miguu yake ikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Mwaka 1909 jambo hilo lilizusha swali katika Bunge la Uingereza kuhusu iwapo mbwa huyo alikuwa anateswa. Tangu siku zake za mwanzo, basi, kipimo hiki kilihitaji kuelezwa kwa umma ili kuondoa hofu ya kwamba umeme unaingizwa mwilini.

Aliyekifanya kipimo kuwa nyenzo ya tiba ni Willem Einthoven, mzaliwa wa Semarang katika kisiwa cha Java, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden nchini Uholanzi. Kwa kuwa zebaki ilikuwa nzito na nzembe, Einthoven alitumia uzi mwembamba mno wa kwatzi uliopakwa fedha, akautundika kati ya ncha za sumaku yenye nguvu. Mkondo kutoka mwilini ulipopita katika uzi, uzi ulisogea, na kivuli chake kikapigwa picha. Mashine ya kwanza ilikuwa na uzito wa takribani kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa aliketi akiwa ametumbukiza mikono yote miwili na mguu mmoja katika ndoo za maji ya chumvi. Herufi P, Q, R, S na T, ambazo hadi leo ndizo majina ya mawimbi ya mchoro, ni za Einthoven. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Kwa watunga sera wa leo, tukio la mwaka 1905 lina uzito wa pekee. Mashine ilikuwa kubwa mno kuhamishwa, na wagonjwa wa hospitali hawakuweza kupelekwa maabara. Einthoven akaunganisha hospitali na maabara yake kwa waya wa simu wa takribani kilometa 1.5, akarekodi moyo wa mgonjwa ambaye hakuwa mbele yake. Wazo la kwamba mahali pa kurekodi na mahali pa kusoma panaweza kutenganishwa lina umri wa zaidi ya karne moja. Kinachobadilika ni waya.

4.0 Elektrodi 10, Mielekeo 12

Mwili wa binadamu una majimaji yenye chumvi, hivyo hupitisha umeme. Msisimko wa moyo unaposafiri, huacha tofauti za volteji hadi kwenye ngozi, lakini tofauti hizo ni ndogo sana, zikiwa za kiasi cha milivolti moja. Betri ya kawaida ya tochi yenye volti 1.5 ina volteji kubwa mara 1,500 kuliko hiyo. Mashine huzikuza tofauti hizo na kuzichora.

Kipimo cha kawaida hutumia elektrodi 10: nne kwenye mikono na miguu, na sita kifuani. Kutokana nazo hupatikana michoro 12, ambayo kila mmoja unautazama umeme uleule kutoka upande wake. Makala haya yanaiita mielekeo. Mielekeo mitatu ya mwanzo inatokana na kazi ya Einthoven. Frank Wilson wa Marekani aliandaa msingi wa mielekeo ya kifua mwaka 1934, nafasi za elektrodi za kifua zilikubaliwa na vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani na Uingereza mwaka 1938, na Emanuel Goldberger aliongeza mitatu ya mwisho mwaka 1942. Tangu hapo jumla imebaki 12.

Ulinganifu huu wa kimataifa una sharti moja: elektrodi ziwe mahali pake. Ya kwanza ya kifua hukaa katika nafasi ya nne baina ya mbavu, upande wa kulia wa mfupa wa kidari. Ya pili hukaa mkabala nayo upande wa kushoto. Ya nne hukaa katika nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, na ya tatu huwekwa kati ya hiyo na ya pili. Ya tano na ya sita hufuata kuelekea chini ya kwapa katika usawa wa ile ya nne. Nafasi hizi hutafutwa kwa vidole, kwa kuhesabu mbavu. Kukadiria kwa macho hakutoshi.

Kosa dogo hapa huzaa kosa kubwa mbele. Elektrodi mbili za mwanzo zikipandishwa hadi nafasi ya pili baina ya mbavu, mchoro unaweza kuiga dalili za kovu la zamani kwenye msuli wa moyo. Waya za mikono zikibadilishana, mwelekeo wa kwanza hupinduka juu chini, na msomaji asiye makini anaweza kudhani kuwa moyo wa mgonjwa uko upande wa kulia wa kifua. Ngozi yenye jasho au mafuta ya kupaka huzuia elektrodi kushika vizuri. Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi au woga huongeza mawimbi ya misuli yake ya mikono juu ya yale ya moyo. Umeme wa gridi, ambao katika nchi za ukanda huu una masafa ya hezi 50, huweza kuchora meno membamba yanayofunika kila kitu. Vyanzo hivi vyote vya makosa hurekebishwa na mhudumu aliyefundishwa. Mashine ya bei kubwa zaidi haiviondoi.

5.0 Kusoma Mchoro na Wakati Unapookoa

Karatasi ya mchoro husogea kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde, na milivolti moja huchorwa kwa urefu wa milimita 10. Hivyo kila mraba mdogo wa milimita moja ni sekunde 0.04, na mraba mkubwa ni sekunde 0.2. Iwapo mapigo yanafuatana kwa mpangilio, idadi yake kwa dakika hupatikana kwa kugawa 300 kwa idadi ya miraba mikubwa iliyo kati ya pigo na pigo. Miraba minne, kwa mfano, ni mapigo 75. Wimbi la P huonyesha msisimko wa atria, changamano la QRS msisimko wa ventrikali, na wimbi la T kurejea kwa ventrikali katika mapumziko.

Manufaa ya usomaji huu huonekana wazi katika hali chache ambazo muda ndio kila kitu. Mtu mwenye maumivu makali ya kifua yanayoashiria kuziba kwa mshipa unaolisha moyo anapaswa, kwa mujibu wa miongozo ya Ulaya na Marekani, kurekodiwa mchoro ndani ya dakika 10 tangu akutane na mhudumu wa afya. Kipande cha ST kikiwa kimepanda katika mielekeo inayohusiana, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kuanzishwa hata mahali pasipo na maabara ya upasuaji wa mishipa, na kila saa inayopotea hupunguza msuli unaoweza kuokolewa. Mpapatiko wa atria, ambapo atria hutetemeka ovyo badala ya kudunda kwa mpangilio, hugunduliwa kwa mchoro huu, na ugunduzi huo huweza kuzuia kiharusi kwa kumwanzishia mgonjwa dawa ya kupunguza kuganda kwa damu. Kwa mgonjwa wa figo, mawimbi ya T marefu na yenye ncha kali huweza kuonya kwamba potasiamu imezidi kabla majibu ya maabara hayajarudi.

Mfano wa nne unastahili kutazamwa na wapangaji wa bajeti, kwani hautoki katika kliniki za moyo. Bedakwilini, dawa iliyoleta matumaini makubwa katika tiba ya kifua kikuu sugu, huweza kurefusha muda wa QT, yaani muda kati ya mwanzo wa msisimko wa ventrikali na mwisho wa kurejea kwake katika mapumziko. Muda huo ukirekebishwa kulingana na kasi ya moyo na kuonekana umepita milisekunde 500, hatari ya mdundo wa kuua ghafla huongezeka. Kwa hiyo kliniki ya kifua kikuu inayotoa dawa hii huhitaji mashine ya umeme wa moyo na mtu wa kupima muda huo. Mpango wa taifa unaoiweka mashine hiyo katika fungu la magonjwa ya moyo pekee huwasahau wagonjwa hawa.

6.0 Yale Ambayo Mchoro Hauyaoni

Mchoro mmoja wa kawaida hurekodi sekunde 10 hivi. Mgonjwa ambaye moyo wake huenda mbio mara moja kwa wiki anaweza kupimwa siku sita mfululizo na kuonekana hana tatizo. Ni kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii Norman Holter wa Marekani alibuni kinasa cha kubeba, ambacho mwishoni mwa miaka ya 1940 kilikuwa mzigo wa takribani kilo 38 mgongoni, na ambacho leo hukaa mfukoni au hubandikwa kifuani kwa siku kadhaa. Hata katika kuziba kwa mshipa wa moyo, mchoro wa mwanzo unaweza kuonekana wa kawaida, hivyo hurudiwa pale dalili zinapoendelea.

Mpaka wa pili ni wa umbile. Umeme hausemi vali imebana kiasi gani wala damu inarudi nyuma kiasi gani. Ugonjwa wa vali unaotokana na homa ya baridi yabisi, ambao huwakumba watoto na vijana wa ukanda huu, huweza kuacha alama kwenye mchoro pale ambapo vyumba vya moyo vimekwisha kutanuka, lakini kipimo kinachoonyesha vali zenyewe ni kile cha mawimbi ya sauti. Ndivyo ilivyo pia kwa ugonjwa wa makovu ya utando wa ndani ya moyo, ambao J. N. P. Davies aliueleza kutokana na wagonjwa wa Mulago, Uganda, katika mwaka 1948. Mabadiliko ya umeme katika ugonjwa huo hayana sura ya pekee ya kuutambulisha.

Kutokana na mipaka hii, kauli sahihi baada ya mchoro usio na kasoro ni kwamba wakati wa kipimo umeme wa moyo ulikuwa wa kawaida. Kauli hiyo ni ndefu kuliko "moyo uko sawa", lakini humwachia mgonjwa sababu ya kurudi iwapo atazidiwa.

7.0 Kawaida ya Nani?

Mashine za kisasa huchapisha tafsiri yake juu ya karatasi. Tafsiri hizo hutegemea viwango, na viwango hutegemea watu waliopimwa. Tangu miaka ya 1950 tafiti zilizofanywa Afrika zilionyesha kwamba baadhi ya Waafrika wenye afya njema huwa na sura za kipande cha ST na wimbi la T ambazo vitabu vya Ulaya vilizihesabu kuwa za ugonjwa. Suala hili lilipata uzito mpya katika tiba ya michezo. Miongozo ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2017 inatambua kwamba kwa wanamichezo weusi, wimbi la T lililopinduka katika mielekeo minne ya mwanzo ya kifua, likitanguliwa na ST iliyopanda kwa umbo la kuba, linaweza kuwa la kawaida. Vilevile, kigezo maarufu cha Sokolow na Lyon cha mwaka 1949, kinachopima unene wa ventrikali ya kushoto kwa urefu wa mawimbi, huwahesabu kimakosa watu wengi zaidi weusi kuwa na moyo ulionenepa.

Athari zake si za kinadharia. Kijana anaweza kunyimwa nafasi katika timu, ajira katika jeshi, au bima, kwa sababu ya sentensi iliyochapishwa na mashine. Hatari ya upande wa pili ni kubwa vilevile: mhudumu aliyezoea kusikia kwamba "mashine hukosea kwa watu wetu" anaweza kuipuuza sura hiyohiyo kwa mzee mwenye shinikizo la damu na maumivu ya kifua. Mchoro husomwa pamoja na umri, dalili na historia ya mgonjwa. Ukanda wenye watu wengi kiasi hiki unapaswa kuwa na hazina yake ya michoro ya watu wenye afya, iliyokusanywa kwa utaratibu na kutumiwa na nchi zote.

8.0 Lugha ya Kipimo

Istilahi ya kwanza ya kutazamwa ni "umeme" wenyewe. Neno hili lilikuwa jina la ule mwako wa angani wakati wa mvua kabla ya kuwa jina la nishati ya waya. Nchini Kenya nishati hiyo huitwa stima katika mazungumzo ya kila siku. Nchini Uganda, kwa takribani miaka 20 hadi 2025, Umeme lilikuwa jina la kampuni iliyosambaza umeme majumbani. Katika matumizi yote haya neno limebeba wazo la nguvu itokayo nje na uwezo wa kudhuru. Mtu anayelazwa kitandani, akafungwa waya mikononi na miguuni, kisha akaambiwa "tunakupima umeme", ana haki ya kuogopa kupigwa shoti. Woga huo, kama ilivyoelezwa, huharibu mchoro wenyewe kwa kutetemesha misuli. Maelezo ya sentensi mbili yanatosha kuuondoa: "Mama, kipimo hiki hakiingizi umeme mwilini, kinapokea tu umeme mdogo ambao moyo wako unautoa wenyewe. Lala ukiwa umetulia, usizungumze kwa muda mfupi, hakiumi."

Istilahi ya pili inaonyesha faida ya Kiswahili. Kiingereza hutumia neno moja kwa waya unaotoka mwilini na kwa mchoro unaopatikana, na wanafunzi hushangaa namna nyaya 10 zinavyozaa 12. Kiswahili kinaweza kutofautisha vitu vitatu bila taabu: elektrodi inayobandikwa, waya unaoiunganisha na mashine, na mwelekeo ambao umeme unatazamwa kutokea. Mchanganyiko huo ukiondolewa katika lugha, fumbo la hesabu nalo huondoka.

Istilahi ya tatu ina hatari. "Mshtuko wa moyo" husikika katika vyombo vya habari kwa maana ya kuziba kwa mshipa wa moyo, na pia kwa maana ya moyo kusimama ghafla. Katika lugha ya kawaida, kushtuka moyo ni kupatwa na hofu tu. Hali hizi tatu zina michoro tofauti na tiba tofauti. Wa kwanza anahitaji dawa kwa haraka, wa pili anahitaji kukandamizwa kifua papo hapo, wa tatu anahitaji kutulizwa. Istilahi inayozichanganya humnyima shuhuda wa tukio, anayepiga simu kuomba msaada, uwezo wa kusema anachokiona. Kutenganisha "shambulio la moyo" na "moyo kusimama" ni kazi ya wanaistilahi, lakini manufaa yake yatahesabiwa katika vyumba vya dharura.

Mwisho, ni muhimu kukumbuka kwamba kipimo hudai kifua kuachwa wazi. Kwa wanawake wengi wa ukanda huu hilo ni suala la heshima, na mhudumu asiyejua kuomba ridhaa kwa lugha ya staha huishia kubandika elektrodi juu ya nguo iliyokunjwa au mahali pasipo pake. Pazia, shuka na maneno ya heshima ni sehemu ya usahihi wa kipimo.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamefafanua kwamba mchoro wa umeme wa moyo ni ushahidi wa thamani kubwa na wenye mipaka inayojulikana. Mashine hukuza na kuchora volteji. Maana ya mchoro hutolewa na watu. Kwa msingi huo, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, kila bajeti ya ununuzi wa mashine iambatane na fungu la mafunzo ya ubandikaji wa elektrodi kwa wauguzi na matabibu, pamoja na karatasi, vibandiko na matengenezo. Pili, hospitali za wilaya ziunganishwe na wasomaji wa hospitali za rufaa, kwa makubaliano ya muda wa kujibu, hasa kwa wagonjwa wenye maumivu ya kifua. Mtandao huo uhudumie pia kliniki za kifua kikuu. Tatu, vyuo vikuu vya nchi jirani vishirikiane kukusanya hazina ya michoro ya watu wenye afya, ili viwango vinavyotumika viwe vimejaribiwa kwa watu wanaopimwa. Nne, taasisi za Kiswahili, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, zishirikiane na madaktari kusanifisha istilahi za moyo na kuandaa maelezo mafupi ya mgonjwa kwa kila chumba cha kipimo. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017 na ni miongoni mwa lugha nne za taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa hiyo kazi itakayofanywa mara moja itatumika katika nchi nyingi.

Pendekezo la nne ndilo la gharama ndogo zaidi, na linaweza kuanza kabla ya mashine mpya hata moja kununuliwa. Mgonjwa anayetoka na karatasi yake akijua kwamba umeme wa moyo wake ulikuwa wa kawaida kwa muda wa kipimo, na akijua dalili zipi zinapaswa kumrudisha hospitali, amepata huduma kamili zaidi kuliko yule aliyeambiwa tu kwamba moyo wake uko sawa.